Homa ya mtoto likizoni Lamu: miligramu, saa na mikono mingi

Nyumba yetu ya Lamu, kama nyumba nyingi za mtaa wa Mkomani, haina mtoto wa mtu mmoja. Mtoto akilia dakani, ukumbi wa mlangoni, wa kwanza kumfikia ndiye mamake kwa wakati ule, na hilo ni raha kubwa kwa mzazi anayelea peke yake Uingereza mwaka mzima, mpaka siku mtoto atakapopata homa. Likizo moja ya Disemba binti yangu, wakati huo akiwa na miaka miwili na kitu, alipanda joto mchana. Saa kumi alasiri nikampa parasetamoli ya maji, nikaandika "4.00" juu ya bahasha iliyokuwa kando ya chupa, kwa mazoea ya kule ninakoishi, kisha nikajitanda buibui nikaenda hitimani mtaa wa Langoni. Magharibi mama mkubwa akamwona mtoto bado ana moto, akaisoma bahasha, akaelewa kuwa dawa ilitolewa saa nne, yaani saa nne ya asubuhi kwa saa zetu. Akahesabu, akaona saa nane zimepita, akampa kipimo kingine. Kwa kweli zilikuwa zimepita saa mbili tu. "Nimempa kijiko kimoya, mwanangu, kama ulivyoandika," aliniambia niliporudi, na hakuwa amekosea lolote, kwa sababu kosa lilikuwa la kalamu yangu.

Tulimpigia simu mfamasia, tukahesabu naye dawa yote aliyoipata mtoto tangu alfajiri, tukaona jumla ya siku haijavuka mpaka, na kipimo kilichofuata tukakiacha hadi asubuhi. Hakudhurika. Hata hivyo tangu siku hiyo nimeona kwamba tofauti ya saa za Kiswahili na saa za Kizungu ni saa sita kamili, na muda wa kawaida kati ya kipimo kimoja cha parasetamoli na kingine ni saa nne hadi sita, kwa hiyo mtu akisoma saa kwa njia isiyokuwa ya mwandishi, anaweza kutoa kipimo kizima mapema mno au kuchelewesha kipimo kizima. Wanaoishi nje na kutuma maagizo kwa ujumbe wa simu kwa bibi au shangazi aliyebaki na watoto wajihadhari zaidi: andikeni "saa kumi alasiri" kwa maneno, pamoja na wakati wa siku, wala msitume tarakimu tupu.

Yaliyobaki katika mwongozo huu nimeyaandika kwa mzazi anayekuja Lamu au Malindi na watoto waliozaliwa nje. Si badala ya daktari, na kuna mahali kadhaa hapa chini ambapo nitasema wazi kwamba chupa iwekwe chini na mtoto apelekwe hospitali.

Jambo la kwanza ni majina. Dawa ambayo Kenya, Uingereza na nchi za Ghuba inaitwa parasetamoli, Marekani na Kanada inaitwa asetaminofeni, na ni dawa ileile. Kwa hiyo Panadol ya duka la dawa la Malindi, Calpol ya Uingereza, Tylenol ya Marekani na Adol inayoletwa na jamaa kutoka Dubai zote zina kitu kimoja ndani, na mtoto aliyepewa mojawapo asipewe nyingine mpaka muda utimie. Brufen, Nurofen, Advil na Motrin ni familia ya pili, ibuprofeni, ambayo ina masharti yake. Jokofu la nyumba yenye wana waliotawanyika Muscat, Jeddah, London na Toronto huwa na chupa tatu au nne za namna hii, kila moja ikiletwa kwa mapenzi, na mama wa nyumba huzitaja zote kwa jina moja: dawa ya homa. Siku ya kufika, kabla hata ya kufungua masanduku ya zawadi, zitoe zote, zisome, uamue moja itakayotumika, na zilizobaki zifungie kabatini.

Kusoma huko ndiko kwenye kazi, kwa sababu dawa ileile haina nguvu ileile katika kila chupa. Dawa ya maji ya parasetamoli ya watoto wadogo inayouzwa Uingereza na Kenya kwa kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na ile ya watoto wa miaka sita na zaidi ina miligramu 250 katika mililita 5 hizohizo. Ya Marekani ina miligramu 160 katika mililita 5. Yako pia matone ya watoto wachanga, hasa kutoka nchi za Ghuba, ambayo kila mililita moja peke yake ina miligramu 100. Chukua mtoto wa kilo 12. Kipimo chake cha parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani kati ya miligramu 120 na 180 kwa mara moja. Kijiko cha mililita 5 cha chupa ya kwanza kitampa 120, nacho kinatosha. Cha chupa ya Marekani kitampa 160, nacho kimo ndani ya mpaka. Cha ile ya miaka sita na zaidi kitampa 250, ambacho kimezidi. Na kijiko hichohicho kikijazwa matone kitampa miligramu 500, kipimo cha mtu mzima mdogo wa mwili. Mkono ni uleule na kijiko ni kilekile, kilichobadilika ni maandishi madogo ubavuni mwa chupa. Ibuprofeni nayo ina mtego wake, kwani dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 100 katika mililita 5, lakini matone ya watoto wachanga ya Marekani yana miligramu 50 katika mililita 1.25, yaani nguvu mara mbili.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mtoto amepewa nini, jibu lenye maana ni miligramu, na "kijiko kimoja" hakimwambii daktari kitu. Kijiko chenyewe cha jikoni kiache jikoni. Vijiko vya chai vya nyumbani kwetu havilingani hata kimoja, na kile kirefu cha kukorogea kahawa ni hadithi nyingine. Tumia sirinji ya plastiki isiyo na sindano au kikombe kidogo kilichokuja na chupa hiyohiyo, kwa kuwa sirinji ya chupa ya matone ina alama zake, na ukiihamishia kwenye chupa nyingine unaweza kujidanganya. Ingiza ncha yake pembeni ndani ya shavu, usukume kidogokidogo mtoto akiwa amekaa, wala usimlaze chali ukamziba pua kama tulivyokuwa tukifanyiwa sisi.

Uzito ni bora kuliko umri. Mistari ya umri kwenye boksi imepangwa kwa mtoto wa wastani, na watoto wetu wengine ni wembamba kuliko wastani huo. Kama hakuna mizani ya mtoto, simama wewe juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha usimame peke yako, uutoe uzito wako katika ule wa kwanza. Anayetoka Marekani agawe ratili kwa 2.2 apate kilo, na afanye hesabu hiyo nyumbani kabla ya safari, mtoto akiwa mzima na akili yako imetulia, aiandike kwenye plasta na kuibandika chupani: jina la mtoto, kilo, mililita ngapi za chupa hii. Parasetamoli isitolewe zaidi ya mara nne ndani ya saa 24, na kati ya mara na mara zipite si chini ya saa nne; mimi binafsi hukaa kwenye saa sita, kwa sababu katika nyumba ya watu wengi ni vizuri kubaki na nafasi ya kukosea. Ibuprofeni ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila baada ya saa sita hadi nane, mara tatu kwa siku, pamoja na chakula au maziwa.

Ibuprofeni, hata hivyo, siipendi kwa pwani yetu mpaka ijulikane mtoto anaumwa nini. Isipewe mtoto aliye chini ya miezi mitatu au chini ya kilo 5, na Marekani husema hata chini ya miezi sita aulizwe daktari kwanza. Isipewe mwenye tetekuwanga, wala mtoto anayetapika na kuhara aliyekwisha kuishiwa maji, kwa sababu inaweza kumdhuru figo, na mwenye pumu ashauriwe na daktari wake. Sababu kubwa kwa Lamu na Malindi ni mbu wa mchana. Dengi, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita kidingapopo, imewahi kuzuka mara kadhaa Mombasa, na mwaka 2004 Lamu yenyewe ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa chikungunya ambao baadaye ulifika Mombasa na visiwa vya Komoro. Homa hizi mbili zinafanana mwanzoni, na mwenye dengi anaweza kutokwa na damu, hali ambayo ibuprofeni na aspirini huizidisha. Mpaka daktari aseme si dengi, parasetamoli peke yake inatosha.

Aspirini haihitaji maelezo marefu: mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa nadra wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Mtego ni kwamba dukani kuna vidonge vya kichwa vya watu wazima vinavyochanganya aspirini, parasetamoli na kafeini, vinauzwa kimojakimoja vikiwa vimekatwa kwenye karatasi yake, na mtu mwenye huruma anaweza kumvunjia mtoto nusu. Dawa za mafua na kikohozi za kuchanganywa nazo mara nyingi zina parasetamoli ndani, kwa hiyo mtoto anayepewa dawa ya homa na dawa ya mafua pamoja huenda anapewa kitu kimoja mara mbili. Uingereza dawa hizo za mafua na kikohozi za dukani hazitolewi kwa walio chini ya miaka sita, na sioni sababu ya mtoto yuleyule kuzipewa akiwa likizoni.

Nunua dawa iliyofungwa, kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani. Nasema hivi kwa sababu ya mambo yaliyotokea. Nigeria, kati ya mwaka 2008 na 2009, zaidi ya watoto 80 walifariki baada ya kupewa dawa ya maji ya watoto wanaoota meno iliyokuwa na parasetamoli na iliyochanganyika na daiethilini glikoli, sumu ya viwandani inayoua figo. Mwaka 2022 watoto wasiopungua 66 walifariki Gambia kwa dawa za maji zenye sumu ya aina hiyo, na mwaka huohuo Indonesia ikapoteza zaidi ya 200. Ukileta chupa yako mwenyewe kutoka nje, ilete ndani ya boksi lake, uipakie katika sanduku linaloingia chini ya ndege, na ikifika usiiache dirishani wala kwenye mfuko unaochomwa na jua katika boti ya Mokowe. Dawa za kuingiza njia ya haja kubwa usizilete kabisa wakati wa kaskazi, maana joto la Februari litazigeuza mafuta ndani ya boksi.

Sasa swali ambalo wazazi hulisahau: je, mtoto anahitaji dawa? Homa ni joto la nyuzi 38 za Selsiasi na zaidi, na yenyewe ni kazi ya mwili kupambana na maradhi. Mtoto mwenye 38.5 anayecheza uani na kunywa madafu hana haja ya kuamshwa au kukamatwa apewe dawa. Dawa hutolewa kumwondolea maumivu na taabu, kipimajoto kisikuamulie peke yake. Haizuii degedege, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiamini hivyo, na kuchanganya parasetamoli na ibuprofeni kwa zamu si desturi ya kuanza nayo, kwani ndipo hesabu za nyumba hupotea kabisa. Kumkanda mtoto kwa maji baridi humtetemesha na kumtesa. Mvue nguo nzito, mpe maji, maziwa ya mama au uji mwepesi, fungua madirisha. Bibi akitaka kumfunga mvuje, ule utomvu wa harufu kali, na kumsomea dua, mwache, hayo hayagombani na hesabu ya miligramu. Kumpaka kitu kisichojulikana puani au kumnywesha dawa ya miti juu ya dawa ya chupa, hapo ongea naye kwa adabu, umweleze kwamba daktari atauliza kila kilichoingia tumboni.

Kuna homa zisizosubiri chupa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye nyuzi 38 apelekwe mara moja, usiku au mchana. Wa miezi mitatu hadi sita akifika 39, vilevile. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiamke vizuri, anayepumua haraka au kwa kuvuta mbavu, mwenye shingo ngumu, utosi uliovimba, vipele visivyofifia ukivibonyeza kwa bilauri ya kioo, au asiyekojoa kwa muda mrefu, ni mgonjwa wa hospitali. Akipata degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, na ikiisha usimpe dawa ya kunywa mpaka awe macho kabisa. Katika nchi zisizo na malaria degedege ya homa mara nyingi huisha salama. Hapa kwetu, degedege pamoja na homa ni hospitali bila mjadala.

Kwa sababu hapa kuna malaria, na hili ndilo ninalomsisitizia kila binamu anayekuja. Mtoto aliyezaliwa Leicester hana kinga ya babu yake wa Kizingitini. Parasetamoli itashusha joto la malaria kwa saa nne, mtoto atakaa aombe biskuti, na nyumba nzima itasema alhamdulillahi, ilhali vimelea vinaendelea kuzaana katika damu. Homa yoyote ya mtoto aliyetoka nje, hata kama anameza dawa za kinga, apimwe damu siku hiyohiyo, na majibu yakiwa safi lakini homa ikiendelea, arudiwe kupimwa. Mjini Lamu ipo Hospitali ya King Fahd, Malindi ipo hospitali ya kaunti ndogo, na vituo vidogo vingi vina kipimo cha haraka cha tone la damu.

Anayekaa Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, aongeze hesabu nyingine ambayo haimo katika vijikaratasi vya dawa, nayo ni maji. Boti za Pate hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, maji yakijaa, na yakishakupwa hupiti. Ukimpa mtoto dawa saa tisa alasiri "tuone mpaka usiku", jiulize kwanza usiku huo maji yatakuwa wapi. Mara nyingi uamuzi wa busara ni kuondoka na maji ya mchana mtoto akiwa bado anaongea.

Ikigundulika mtoto amepewa parasetamoli nyingi, au amejinywea chupa mwenyewe, asisubiriwe aonyeshe dalili. Ini linaweza kuwa linaharibika siku nzima mtoto akiwa anaonekana mzima, na dawa ya kuliokoa, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Usimtapishe. Beba chupa yenyewe, uhesabu kiasi kilichopungua, uende.

Utaratibu tunaoutumia nyumbani sasa ni mwepesi. Kila siku mtu mmoja ndiye mwenye dawa, na akitoka anamkabidhi mwingine kwa mdomo mbele ya watu: "Mama mkubwa, dawa iko kwako, amepewa saa kumi alasiri, mililita saba na nusu, asipewe kabla ya saa nne usiku." Chupa hukaa juu ya kabati, imefungwa kifuniko chake cha kuzuia watoto, na kando yake pana daftari lenye safu tatu, ambamo hata dada wa kazi na shangazi aliyekuja kuamkia tu huandika. Mwanzoni mama mkubwa aliliita "daftari la deni", akacheka. Siku hizi yeye ndiye mwenye kudai.

Mkisharudi ughaibuni daftari lenyewe msilitupe. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya safari, na mara nyingine miezi kadhaa, wakati ambapo daktari wa kule, akiona mtoto ana homa katikati ya baridi ya Februari, atafikiria mafua na kukurudisha na chupa ya parasetamoli. Kwa mwaka mzima baada ya safari, kila homa ya mtoto ianze kwa sentensi moja mbele ya daktari au muuguzi: tulikuwa Lamu, pwani ya Kenya, kutoka tarehe hii hadi tarehe hii, naomba apimwe malaria leo.